Namna ya Kuyatania Majalada Mabaya ya Riwaya za Zamani za Anga

Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, wachapishaji wa Uingereza na Marekani walitoa kwa wingi riwaya ndogo za jalada laini zilizohusu roketi, maroboti na viumbe wa sayari nyingine. Vilikuwa vitabu vya bei nafuu, vya kutia mfukoni, na viliuzwa kwenye vioski vya magazeti, stesheni za treni na maduka ya dawa. Mnunuzi alikuwa mtu wa kupita njia, kwa hiyo jalada lilipaswa kumwita kwa sauti kubwa kabla hajapanda treni. Majalada mengine yaliita kwa uzuri. Mengine yalichorwa kwa haraka hivi kwamba shujaa ana mkono usio na kiwiko na zimwi linaonekana kama limekuja kuuliza njia.

Nayapenda majalada haya kwa dhati, na naamini kuyatania ni namna nzuri ya kuyatazama vizuri. Utani hutoka kwenye jicho. Aliyelitupia jalada jicho moja atasema "baya sana hili" na hapo amemaliza. Aliyekaa nalo dakika tano ana mambo kumi ya kusema, yote ya kweli, na mawili au matatu yatawavunja watu mbavu. Hatua zifuatazo ni za kumsaidia huyo wa pili.

Hatua ya 1: Pata jalada zima

Kwenye meza za vitabu vya mitumba mijini, riwaya hizi za Kiingereza hujitokeza mara mojamoja katikati ya vitabu vya mapenzi na vya upelelezi. Zitambue kwa kimo chake, takriban sentimita 11 kwa 18, na kwa karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Kwa kuanzia, tafuta majina ya wachapishaji Badger Books na Curtis Warren wa Uingereza, na Ace Books wa New York.

Vitabu vya Ace vinahitaji uangalifu wa pekee. Tangu 1952 hadi 1973 kampuni hiyo ilitoa mfululizo ulioitwa Ace Doubles: riwaya mbili katika kitabu kimoja, moja ikiwa imepinduliwa miguu juu. Hakuna jalada la nyuma, pande zote mbili ni za mbele. Ukikipata kimoja, kigeuze. Mara nyingi upande mmoja umechorwa kwa moyo wote na mwingine kwa kukurupuka, na kuyaweka majalada hayo mawili sambamba ni utani tosha.

Kama huna cha kushika mkononi, hifadhidata ya Internet Speculative Fiction Database, maarufu kama ISFDB, ina picha za majalada pamoja na mwaka, mchapishaji na mara nyingi jina la mchoraji. Ukipiga picha kitabu chako mwenyewe, kilaze karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera na simama wima juu yake ili pembe zisipinde. Usikate kingo. Sahihi ya mchoraji hukaa pembeni, na makosa matamu pia hupenda kukaa huko, kwa sababu ndiko brashi ilikofika mwisho, saa zikiwa zimekwisha.

Hatua ya 2: Tazama kwanza, cheka baadaye

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Jalada lina mambo mengi kuliko unavyodhani, na ukianza kucheka mapema utacheka jambo lilelile ambalo kila mtu ameshalicheka.

Anza na mikono. Mkono wa binadamu ni mgumu kuchora kuliko uso, na mchoraji aliyebanwa na muda huuficha: nyuma ya jiwe, ndani ya moshi, ndani ya glavu nene. Ukiona watu wanne kwenye picha na huoni hata kidole kimoja, umeshapata kisa. Vidole vikionekana, vihesabu. Angalia kidole gumba kiko upande gani. Shujaa akishika bunduki ya miale, angalia kama kuna kidole kwenye kifyatulio na kama mtutu unaelekea kwa adui au kwa goti la mwenzake.

Shuka kwenye miguu. Je, inagusa ardhi? Ina kivuli? Mtu asiye na kivuli kwenye uwanda uliojaa jua la Mirihi anaelea, hata kama mchoraji hakukusudia aelee. Ukungu mzito unaoanzia magotini nao ni wa kutiliwa shaka, maana umewaokoa wengi waliochoka kuchora viatu.

Kisha fuata macho. Chukua rula au ukingo wa karatasi, utoe mstari kutoka kwenye macho ya kila mhusika uone unaishia wapi. Hapa ndipo majalada mabaya hujifichua zaidi. Shujaa anafyatua kuelekea nje ya picha, zimwi linatazama juu ya kichwa chake, na mwanamke anapiga mayowe akimtazama msomaji. Watatu hao hawajaonana hata kidogo. Sababu ni ya kikazi: wachoraji wa biashara walitumia picha za magazeti na za watu walioigiza mikao kama mifano, na kila mhusika akitolewa kwenye picha yake, hao watu huishi kwenye jalada moja wakiwa na dunia zao tofauti.

Pima ukubwa pia. Kama kuna roketi yenye mlango na mwanaanga amesimama karibu yake, pima kimo cha mwanaanga kwa ncha ya penseli, halafu peleka kipimo hicho mlangoni. Mara nyingi utakuta hawezi kuingia hata akitambaa. Ukipata roketi ya namna hiyo, anza kujiuliza alitokaje.

Mwisho, mwanga. Anga ikiwa na jua moja, sayari zote kwenye picha zinapaswa kung'aa upande ulioelekea jua hilo. Kwenye majalada ya haraka kila sayari ina jua lake.

Ukimaliza, andika unachokiona kwa sentensi kavu zisizo na sifa wala lawama. "Mwanamume amevaa vazi kamili la anga. Mwanamke kando yake amevaa nguo ya kuogelea na kofia ya kioo. Nyuma yao kuna mwezi. Ndani ya mwezi kuna nyota." Sentensi hizi ndizo malighafi yako yote.

Hatua ya 3: Tazama mwaka

Kabla hujamcheka mchoraji kwa kutojua jambo, hakikisha jambo hilo lilikuwa linajulikana. Yuri Gagarin alizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961. Jalada la kabla ya hapo lilichorwa na mtu ambaye hakuwa na picha ya binadamu hata mmoja aliyewahi kuwa angani. Roketi zenye mapezi makubwa mkiani, zilizojaa kwenye majalada ya miaka ya 1950, hazikubuniwa tu kichwani: kombora la V-2 la Ujerumani, lililoanza kupiga miji mwaka 1944, ndilo lililokuwa sura ya roketi kwa kizazi hicho. Zuhura yenye vinamasi na mijusi mikubwa iliweza kusameheka hadi Desemba 1962, chombo cha Mariner 2 kilipopita karibu nayo na kupima joto ambalo kinamasi hakiwezi kulihimili. Mirihi yenye mifereji iliweza kusameheka hadi Julai 1965, Mariner 4 ilipoleta picha za ardhi kavu iliyojaa mashimo.

Hata aliyekuwa hodari kuliko wote alikosea. Chesley Bonestell, mbunifu wa majengo aliyegeuka mchoraji wa anga, alichora kwa hesabu za kweli za pembe na umbali, na picha zake za Zohali zilizochapishwa mwaka 1944 bado zinashangaza. Lakini milima yake ya mwezini ni mikali kama meno ya msumeno, na wanaanga wa Apollo walipofika waliikuta ya mviringo, iliyolainika. Kumcheka Bonestell kwa hilo si haki.

Yapo makosa, hata hivyo, yaliyokuwa makosa tangu siku ya kwanza, na haya yacheke bila wasiwasi. Nyota inayong'aa katikati ya pembe mbili za mwezi mwandamo ni mojawapo: sehemu ile nyeusi bado ni mwezi, na nyota haiwezi kukaa mbele yake. Moto wa roketi unaopeperuka kando kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, ni kosa, kwa sababu hakuna upepo wa kuupeperusha. Pete za Zohali zisizo na kivuli cha sayari yenyewe ni kosa, kwa kuwa kivuli hicho huonekana hata kwa darubini ya kawaida. Na ngozi tupu kwenye ombwe ni kosa kubwa kuliko yote, maana kofia ya kioo haimsaidii mtu ambaye mabega, tumbo na mapaja yake yako nje.

Hatua ya 4: Jua kosa ni la nani

Jalada hupita mikono mingi. Mchoraji anaweza kuwa amechora kazi nzuri, kisha mtu wa mpangilio akaikata ili jina la kitabu lipate nafasi, na mtambo wa uchapaji ukazikosanisha rangi hadi uso wa shujaa ukawa na pua mbili, moja nyekundu na moja ya buluu. Uchapaji wa rangi nne hutegemea kila rangi itue mahali pake. Moja ikisogea milimita moja, mtu mzima anageuka kivuli chake mwenyewe. Ukiona ukingo wa rangi moja umezidi upande mmoja kwenye jalada zima, mtanie mchapaji.

Kisa cha Badger Books kinafaa kujulikana na kila anayetaka kuyatania majalada haya. Kampuni iliyoyatoa, John Spencer ya London, ilimtegemea mwandishi mmoja, Lionel Fanthorpe, aliyeandika zaidi ya vitabu 100 kwa majina mengi ya bandia, yakiwemo Bron Fane, Pel Torro na Leo Brett. Alisimulia hadithi kwenye tepu, ndugu na marafiki wakapiga chapa. Malipo yalikuwa zaidi kidogo ya pauni 20 kwa kitabu kizima. Na mara nyingi jalada lilitangulia: mchapishaji alimpelekea picha, naye akatunga hadithi ya kuifuata. Kwa hiyo ukiona roboti wa ajabu kwenye jalada la Badger, usiulize kwa nini mchoraji hakusoma kitabu. Hapakuwa na kitabu cha kusoma.

Upande wa pili wapo wachoraji ambao picha zao zilikuwa bora lakini hazikuhusu kilichomo ndani. Chris Foss, Mwingereza, alijaza miaka ya 1970 kwa vyombo vikubwa vya angani vya rangi za kuvutia, vilivyopakwa kwa brashi ya hewa, kifaa kinachopuliza rangi, na vyombo hivyo viliwekwa kwenye riwaya ambazo hazina chombo kama hicho popote. Hapo mtanie mchapishaji aliyeichagua picha, na Foss umpe heshima yake.

Utani wa makabila unatufundisha vizuri hapa. Mtani hukutania kwa sababu anakujua wewe, babu zako na chakula chenu, ndiyo maana huwezi kumkasirikia. Anayemtukana asiyemjua si mtani. Ukijua mchoraji alilipwa kidogo, alipewa siku chache na hakupewa hadithi, utani wako unapata shabaha sahihi, na hata yeye mwenyewe angecheka.

Hatua ya 5: Fungua kitabu

Soma walau sura ya kwanza na maelezo ya jalada la nyuma. Pengo kati ya picha na maneno ni hazina: ndani shujaa ni profesa wa makamo mwenye miwani, nje ni kijana mwenye kifua kama jokofu. Na usidhani jalada baya ni dalili ya kitabu kibaya. Philip K. Dick na Ursula K. Le Guin ni waandishi wakubwa wa riwaya za namna hii: riwaya ya kwanza ya Dick ilitoka kama nusu ya Ace Double mwaka 1955, na ya kwanza ya Le Guin vivyo hivyo mwaka 1966.

Hatua ya 6: Andika utani wenyewe

Chagua jambo moja tu kati ya yale uliyoyaandika katika hatua ya 2. Jalada linaweza kuwa na makosa saba, lakini maneno ya chini ya picha yanabeba moja. Ukibana yote, msomaji anasoma orodha ya mashtaka na hacheki.

Tuchukue lile jalada la mwanamume aliyejifunika kabisa na mwanamke aliyevaa nguo ya kuogelea, wamesimama mwezini. Wengi wataandika: "Mchoraji huyu hana akili, mwanamke gani huvaa hivi?" Hilo ni tusi, halina picha ndani yake. Sasa mpe mwanamke sauti, umwache azungumze na mwenzake kama mke wa kawaida aliyeudhika:

"Baba Juma, uliniambia tunakwenda Bahari ya Utulivu, nikafungasha nguo za kuogelea."

Inafanya kazi kwa sababu Bahari ya Utulivu ipo kweli mwezini, na ni tambarare isiyo na tone la maji. Inafanya kazi pia kwa sababu lawama imetoka kwenye mwili wa mwanamke na kumwangukia aliyempa habari nusunusu. Na neno la kuchekesha limekaa mwishoni. Jaribu kulianzisha sentensi nalo uone linavyopoa.

Njia ya pili ni kulipa zimwi adabu. Majalada haya yanataka viumbe vitishe, kwa hiyo kiumbe mwenye heshima za nyumbani huvunja mbavu haraka. Yule roboti aliyebeba mwanamke aliyezimia, mkao uliorudiwa kwenye majalada mengi kupita kiasi, anaweza kusema: "Dada yangu, ukizinduka naomba utembee mwenyewe, magoti yangu yanadai grisi." Shujaa anayefyatua kuelekea kusikokuwa na mtu anaweza kuguswa bega na zimwi: "Samahani kaka, ni mimi hapa, upande wa kushoto."

Njia ya tatu ni kueleza kosa kana kwamba ni jambo la kweli lililotokea. Moto wa roketi unapeperuka kando? "Upepo wa kusi umefika hadi Zohali." Mlango ni mdogo kuliko nahodha? "Safari imeahirishwa hadi nahodha apungue." Usieleze zaidi. Msomaji atarudi kwenye picha mwenyewe kutafuta mlango, na kurudi huko ndiko unakokutaka.

Tumia Kiswahili cha watu wanaozungumza. Roboti anayesema "ninaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza" anachekesha ukitaka asikike kama karani wa ofisi, na hachekeshi ukiwa umeandika hivyo kwa mazoea tu. Amua nani anazungumza: shangazi, kondakta, mlinzi wa geti, fundi simu. Kisha mwache azungumze anavyozungumza huyo.

Ukimaliza, soma kwa sauti huku mtu mwingine akitazama jalada. Akicheka baada ya kurudisha macho kwenye picha, umepata. Akicheka kabla ya kuiona, utani wako haukuwa wa jalada hilo, na unaweza kubandikwa popote. Utupe uanze upya.

Hatua ya 7: Jua pa kunyamaza

Picha ya ajabu si picha mbaya. Richard Powers, aliyechora majalada mengi ya mchapishaji Ballantine wa Marekani kuanzia miaka ya 1950, aliacha roketi na mashujaa akaweka maumbo yasiyo na jina, yanayofanana na mifupa, kokoto na ndoto, akifuata nyayo za wasurrealisti, wasanii waliochora mambo ya ndotoni, kama Yves Tanguy. Mtu asiyezoea anaweza kudhani Powers hakujua kuchora. Alijua sana. Kaa na picha zake. Kama una mzaha wa kuongeza, uwe wa kumshangilia.

Mwanamke aliyevuliwa nguo ili kitabu kiuzwe si wa kuchekwa mwili wake. Cheka uamuzi wa aliyeagiza picha hiyo, na uamuzi huo una mengi ya kuchekwa.

Na yako makosa ambayo hayafai mzaha. Octavia Butler, mwandishi Mweusi wa Marekani, alitoa riwaya yake Dawn mwaka 1987. Mhusika wake mkuu, Lilith, ni mwanamke Mweusi, na hadithi nzima imesimama juu yake. Jalada lilionyesha mwanamke mweupe. Hapo hapana kidole kilichosahaulika wala rangi iliyoteleza kwenye mtambo. Mtu aliamua kwamba sura ya Lilith isionekane dukani. Ukikutana na jalada la namna hiyo, liweke hadharani pamoja na ukweli wake, bila utani. Vivyo hivyo kwa picha zinazomchora Mwafrika au Mwasia kama ndiye zimwi lenyewe.

Hatua ya 8: Toa hadharani kwa heshima

Chini ya kila jalada andika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mwaka na mchoraji. Picha nyingi kati ya hizi bado zina hakimiliki, kwa hiyo weka nakala ya ukubwa wa kutosha kuonekana, usiiuze, usiichape kwenye fulana.

Jina la mchoraji lina shida yake, kwa kuwa vitabu vingi havikulitaja kabisa. Anza na sahihi. Ed Emshwiller, mmoja wa wachoraji hodari wa Ace, alitia "Emsh" kwenye picha zake, mara nyingine akiificha ndani ya mashine au jiwe, na kuitafuta ni raha ya peke yake. Usipoona sahihi, linganisha na majalada mengine ya mchapishaji huyohuyo ya mwaka huohuo: namna ya kuchora mikunjo ya vazi, masikio na moshi hurudiwarudiwa na mkono mmoja. Bado hujapata? Andika "mchoraji hakutajwa", usibahatishe, na uache nafasi. Majina kama haya hujulikana kidogokidogo, pale mtu mwenye nakala safi zaidi anapoona herufi mbili zilizofichwa chini ya bei. Siku hiyo ikifika, rudi kwenye picha yako uliandike jina, hata kama utani ulishasahaulika.